Ushuru wa Kupakua Bila Jahazi

Kwetu pwani, kupakua ni neno la jahazi, na la chungu pia. Shehena ikipakuliwa forodhani ilitozwa ushuru, wala wazee hawakuona ajabu. Leo mwanafunzi aliyepanga chumba Cheptiret, penye njia ya kwendea Chuo Kikuu cha Moi, apakua kitabu ndani ya simu, na serikali yataka fungu lake.

Kwa hilo mimi sina ugomvi. Kanuni za mwaka 2020 zilitaja vitabu, filamu na programu zinazopakuliwa, zikamtaka muuzaji wa ng'ambo atoze kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16. Mwenye duka Eldoret hutozwa; aliye Marekani aachwe kwa hisani gani?

Lakini tutazame, wasomaji, mzigo wamwelemea nani. Bando la kupakulia kitabu lina ushuru wake, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka asilimia 15. Juu yake huja ile 16. Kisha kitabu nacho, 16 tena. Jahazi lilitozwa shehena, halikutozwa upepo wa kusi!

Muuzaji wa nje naye ana kodi yake. Ile ya asilimia 1.5 iliyoanza Januari 2021 ilifutwa Desemba 2024, ikawekwa nyingine inayolenga faida yake. Huko ndiko nionako pa kukazia. Filamu na michezo itozwe, haidhuru. Kitabu cha masomo, naiomba Hazina, kipite forodhani bure.