Mlimau wako una majani ya njano? Kunja jani kwanza

Usikimbilie dawa dukani. Chuma jani, likunje katikati kwa urefu, halafu linganisha pande zake mbili.

Njano ikifanana pande zote, mara nyingi mti una njaa tu. Weka samadi iliyooza, isiguse shina, kisha mwagilia.

Lakini mabaka yakiwa shaghalabaghala, upande huu tofauti na ule, na malimau ni madogo na yamepinda, huenda ni griningi. Huu ni ugonjwa wa bakteria, unaenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga, na hauna tiba. Mwite afisa ugani auangalie. Akithibitisha, ng'oa mti wote, na usichukue hata kikonyo cha kubebesha. Ukiuonea huruma, michungwa ya jirani nayo itaugua.