NOAH YANGU ILIVYOGEUZWA PIKAPU!

Hivi jina kamili la gari lako unalijua? Usinicheke! Langu nilijua ni Noah, kama washkaji wote wa Mbinga wanavyoliita. Kumbe kwenye kadi ni Toyota Townace Noah, toleo lililotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001. Balaa lilianzia hapo.

Nilikwenda kwa wakala fulani kukata bima kubwa, ati nijikinge kila upande. Akafungua kompyuta. Townace ipo, Noah ipo, Townace Noah haipo. "Kaka, hii ndiyo inakaribia," akasema, akabonyeza Townace ya mizigo. Nikalipa, nikala kona.

Enzi zile bima zote zilikuwa za NIC peke yake, kuanzia 1967 hadi soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, karani alijaza hati kwa kalamu. Siku hizi mashine ina orodha yake, na usipokuwamo unapachikwa kwa jirani.

Basi tukapata msiba Mbamba Bay. Nikapakia ndugu saba, shangazi mbele. Kutoka milima ya Umatengo kuteremka ziwani ni kona juu ya kona. Lami imefika, sawa, lakini makorongo yako palepale. Trafiki akatupiga mkono, akaingiza namba ya gari kwenye simu, akanitazama, akawatazama ndugu zangu.

"Kijana, hii ni pikapu ya watu wawili. Hawa wengine umewatoa wapi?"

Shangazi akaangua kicheko, msiba kausahau. Mimi jasho chapachapa. Tungetumbukia korongoni je? Kampuni ingeuliza swali lilelile la afande, na mimi sina jibu.

Akanionya, akaniachia. Niliporudi Mbinga sikutaja Noah wala Townace. Nilimwekea wakala kadi mezani, asome mwenyewe: chesisi inaanza na SR50, injini 3S, bodi ya abiria, siti 8. Jina likikosekana kwenye orodha, chesisi na siti ndizo zinazosema gari ni lipi. Akachagua Noah, jina kamili akaliandika kwenye maelezo, akanipa hati ya marekebisho. Dakika ishirini tu!

Shangazi mpaka leo akitaka lifti ananipigia: "Baba, ile pikapu yako ina nafasi?"