Kompaila Mpya, Makosa ya Zamani (Sehemu ya Nne)

Toleo la 13 la Debian, lililotoka Agosti 2025, limekuja na kompaila ya GCC 14, na programu nyingi za lugha ya C zilizokuwa zikipita bila kelele zimegoma. Kuita funkisheni ambayo haijatangazwa, jambo lililokuwa likipewa onyo tu, sasa ni kosa linalosimamisha kazi. Namna kompaila inavyogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine imekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia. Kinachobaki ni namna ya kumnasa mkosaji pale msimbo uleule unapokataliwa au, vibaya zaidi, unapokubaliwa kisha ukatoa majibu mengine.

Tatizo la programu kugoma zana zinapobadilika lina umri mkubwa nchini Tanzania kuliko inavyodhaniwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, ICT 1500 kutoka kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jingine, mashine iliyochambua herufi na tarakimu mojamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wizara ikahamia kwenye familia ya ICT 1900, iliyofanya kazi kwa mafungu ya biti 24 na isiyokuwa na undugu wowote na ile ya kwanza. Programu hazikuhamishika kama zilivyo, na utaalamu wenyewe ulikuwa mikononi mwa wageni wa mikataba. Hesabu za Serikali zikavurugika, Wizara ikarudia mashine za kawaida za uhasibu, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu.

Marufuku ile iliiadhibu mashine. Kilichokosekana ni wazawa waliozielewa programu zile, pamoja na maandishi ya kueleza zilivyotungwa, na vitu hivyo havizuiwi wala havikombolewi bandarini. Tabia yenyewe haijafa. Programu ikigoma leo, lawama ya kwanza humwangukia mtengenezaji wa kompaila, na dawa ya kwanza huwa kurudisha toleo la zamani na kufunga mjadala. Huo ni uvivu uliovaa joho la tahadhari.

Ukweli ni kwamba mara nyingi kompaila mpya haikuvunja kitu. Ichukuliwe programu ya stoo ya duka la nafaka Levolosi, jijini Arusha, jirani na soko la Kilombero. Faili la wateja lina funkisheni tafuta_mteja, inayorudisha anwani ya kumbukumbu ya mteja. Faili la mauzo linaiita bila kuitangaza. Kompaila za zamani zilikisia kwamba kinachorudishwa ni namba ya kawaida ya baiti 4, ilhali anwani kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8, kwa hiyo nusu nzima ilitupwa. Programu ilinusurika kwa sababu anwani zenyewe zilikuwa ndogo, zikatosha kwenye nusu iliyobaki. Siku programu zilipoanza kupangwa juu zaidi kwenye kumbukumbu kwa ajili ya usalama, bahati hiyo ikaisha. GCC 14 imefika mbele kidogo na kukataa mapema, jambo linalostahili shukrani.

Kosa la aina hiyo hujitaja lenyewe. Linalosumbua ni lile la kimyakimya, kwa mfano kigeu cha jumla ya magunia ambacho hakikupewa sifuri mwanzoni. Huko nyuma kiliangukia mahali penye sifuri. Kompaila mpya, ikipanga kazi upya ili kuongeza kasi, inakiweka penye takataka, na jumla inakuja na magunia ambayo hayapo.

Hapo inafaa kompaila zote mbili ziwepo, na GCC 13 na GCC 14 hukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Programu yenye mafaili 64 inakompailiwa mara mbili, kila toleo kwenye folda yake. Kisha yanaunganishwa mafaili 32 ya zamani na 32 mapya. Jibu likiharibika, mkosaji yumo kwenye yale mapya. Likiwa sahihi, yumo kwenye nusu nyingine. Hatua sita zinatosha kufikia faili moja, mradi kosa liko sehemu moja. Faili hilo linakompailiwa tena kwa -O0, bila kuongezwa kasi, kisha kwa -Wall na -Wextra, na kila onyo linasomwa. Kigeu kisicho na thamani hugunduliwa na programu ya Valgrind; hesabu zinazofurika hudakwa na -fsanitize=undefined.

Chaguo kama -fno-strict-aliasing linaweza kuizima tabia ya kompaila inayoumiza. Kiini cha Linux chenyewe hulitumia, lakini kwa uamuzi ulioandikwa, si kwa kukata tamaa. Ni pale tu msimbo unapothibitika kuwa safi ndipo kompaila inaposhukiwa. Mfano hupunguzwa hadi mistari michache inayotosha kuonyesha kosa, na kupelekwa kwenye daftari la hitilafu la GCC pamoja na namba ya toleo na amri kamili iliyotumika.