Kabla hujauliza 'bei ya mwisho'

Tuseme umefika Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji katika jimbo la Oaxaca, Mexico. Umeona zulia jekundu, limekuingia, na ulimi tayari unawasha kuuliza bei ya mwisho. Ngoja kwanza.

Huo wekundu ni wadudu. Ndiyo, wadudu! Kochinili ni wadogo kuliko punje ya mchele, na huishi wakifyonza dungusi kakati. Hukwanguliwa, wakaanikwa, kisha wakasagwa kwa jiwe. Ratili moja ya unga huo ni takriban wadudu 70,000. Ukiukamulia limau, rangi inageuka ya machungwa. Ukiutia chokaa, inaelekea zambarau.

Na hapo hata uzi haujaguswa. Sufu inachanwa, inasokotwa, inachemshwa kwenye rangi, ndipo fundi asimame kwenye mtambo wa kukanyaga kwa miguu. Zulia kubwa linaweza kumeza miezi. Wazapoteki hawa walikuwa wakifuma pamba kabla ya Wahispania kuwaletea kondoo na mtambo huo. Hadi leo kazi ni ya familia: ua wa nyumba ndio karakana, ndio duka.

Shida ni kwamba rangi ya dukani ni rahisi, na kwa macho tu huwezi kuitofautisha. Hata baadhi ya wafumaji huitumia, na siwalaumu; watoto lazima wale. Lakini anayesaga wadudu anashindana naye kwa bei ileile yako ya mwisho.

Kwa hivyo mwombe fundi akuonyeshe ile ya limau. Halafu sasa uliza bei.