WAZO LA KIFO LIKIKUJIA USIKU

Wewe kijana wa Nyakitonto huhitaji kuambiwa kifo ni nini. Pengine umeshika jembe mwenyewe kuchimba kaburi la mtu uliyecheza naye mpira. Umechota maji ya msibani, umelala matanga, umekula ugali na maharage pamoja na wenzako. Halafu watu wanatawanyika, kila mtu anarudi shambani kwake. Hapo ndipo shughuli inaanza. Usiku umelala macho wazi, moyo unadunda, unajiuliza: "Je, na mimi?"

Je, unaanza kuchanganyikiwa? Hapana! Karibu kila aliyefiwa hupita hapo, hata wale vidume wanaojifanya hawaogopi kitu.

Kwa nini moyo unadunda?

Ukiogopa, mwili unamwaga kwenye damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linakaza. Ukikutana na nyoka njiani, hiyo ni msaada mkubwa, maana unatimua mbio. Shida ni kwamba mwili unafanya vilevile hata kwa hatari ya kuwaza tu. Sasa saa nane za usiku, kitandani, utakimbilia wapi? Wengine wanakimbilia gongo. Sawa, gongo itakulaza, lakini usingizi wake ni wa kukatika-katika. Alfajiri unaamka na mawazo yale yale, na kichwa juu yake.

Hebu jaribu hivi. Kaa vizuri, mgongo wima. Vuta pumzi kwa pua polepole huku ukihesabu mpaka tatu. Itoe polepole zaidi, hesabu mpaka tano. Pumzi ikitoka taratibu, moyo nao unapunguza mwendo, ndivyo mwili ulivyo. Sikia nyayo zako zinavyogusa ardhi. Sikiliza kilichopo: mvua juu ya bati, mbuzi wa jirani, mdogo wako anakoroma. Wazo la kifo litakuja tu. Usipigane nalo. Sema kimoyomoyo, "Hili ni wazo la kifo," halafu rudi kwenye pumzi. Likija mara ishirini, na wewe rudi mara ishirini. Huko kurudi ndiyo zoezi lenyewe, kwa hiyo usiseme umeshindwa. Dakika tano kwa siku zinatosha kuanzia.

Mchana je? Unapopalilia maharage, palilia maharage. Sikia mpini mkononi, harufu ya udongo, jua mgongoni. Akili ikitoroka kwenda makaburini, irudishe kwenye jembe bila kuigombeza.

Ati, hii si dini ya watu wengine? Ni kweli watawa wa Kibudha huko Asia wameifanya kwa karne nyingi. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliianzisha hospitalini Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, bila kudai dini yoyote. Bibi yako mwenye rozari na babu mwenye tasbihi wanajua kutulia kuliko wewe, waulize.

Na imejaribiwa karibu na kwetu. Kaskazini mwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, karibu wanawake 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana mara tano, saa mbili kila mara, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kufanya mazoezi ya aina hii. Baada ya miezi mitatu, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao. Wilaya yetu ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu tangu 1996, na wengi wanaosoma hapa wameona vita. Kama ni wewe, usifumbe macho, maana picha mbaya zinaweza kurudi. Angalia jiwe au mti, kanyaga ardhi, na zikizidi, acha.

Lakini kutulia siyo kukaa tu! Ukiweza kulitazama wazo la kifo bila kukimbia, utaweza kufanya mambo uliyokuwa unayakwepa. Kuna kijana hapimi virusi vya UKIMWI kwa sababu anaona kipimo ni hukumu ya kifo. Miaka ya tisini alikuwa na sababu ya kuogopa. Tangu mwaka 2004 dawa za ARV zinatolewa bure Tanzania, na anayezianza mapema na kuzimeza kila siku anaweza kuishi mpaka azeeke. Kinachomuua siku hizi mara nyingi ni kuchelewa. Basi kaa nje ya zahanati, pumua mara kumi, hofu ikiwepo iache iwepo, ingia nayo. Na wewe wa bodaboda, kofia ngumu ni ya kichwani, siyo ya kuning'iniza kwenye usukani.

Mazoezi haya yana mpaka. Kama ni wiki mbili sasa huli, hulali, hufurahii chochote, hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya. Ukianza kufikiria kujiua, usingoje wiki wala kesho. Mwambie leo hii mtu mzima unayemwamini, shangazi, mwalimu, shehe au padri, akusindikize hospitali. Kama hujafika miaka 18, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.