Kichwa kinagonga, watoto wanataka chai: Kinachotokea mwilini asubuhi baada ya pombe

Ni Jumapili, saa mbili asubuhi. Jana jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara, turubai likafungwa uani, muziki ukapigwa hadi usiku wa manane na kreti za bia zikashuka moja baada ya nyingine. Sasa baba amejifunika shuka hadi usoni. Mwanga wa dirishani unamchoma macho, kichwa kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu ndani yake, tumbo linachafuka. Mlangoni mtoto wa miaka minne anauliza chai iko wapi.

Hali hiyo wengi huiita hangova, wengine kwa utani mning'inio. Ukiwauliza wanywaji inasababishwa na nini, jibu la haraka ni kukosa maji. Si uongo, ila ni sehemu tu ya habari.

Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zibakize maji mwilini, ndiyo maana mnywaji haishi kwenda chooni. Asubuhi anaamka na kiu, mdomo mkavu na kizunguzungu. Lakini mtu anaweza kunywa jagi zima la maji na bado akajisikia hovyo, kwa sababu kuna mengine yanaendelea.

Kwanza ni kazi ya ini. Ini hubadilisha pombe kuwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, yenye sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha huibadilisha tena kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Wakati kazi hiyo inaendelea, kinga ya mwili nayo huamka kama vile mtu ana homa, na ndipo yanapotoka maumivu ya viungo, kukosa hamu ya kula na kushindwa kufikiri vizuri. Ini likiwa limebanwa na pombe, hupunguza kutengeneza sukari ya kupeleka kwenye damu, hivyo aliyekunywa bila kula anaweza kuamka akitetemeka na kutoka jasho. Tumbo limejaa asidi. Na usingizi? Pombe humlaza mtu haraka, lakini nusu ya pili ya usiku humkatakata usingizi. Amelala saa saba, ameamka kama aliyekesha.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hangova huwa kali zaidi pale pombe inapokaribia kwisha kwenye damu. Hapo ndipo ilipo siri ya kuzimua, ile tabia ya kufungua bia nyingine asubuhi ili kichwa kitulie. Kichwa hutulia kweli, kwa muda, kwa sababu pombe imerudishwa kwenye damu na maumivu yameahirishwa hadi mchana au jioni. Anayejikuta anahitaji kuzimua kila wikiendi ili mikono iache kutetemeka hana tatizo la hangova tena. Huyo anahitaji kumwona daktari, na asiache pombe ghafla bila ushauri, kwani kwa aliyezoea kunywa kila siku kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Vipi kuhusu kuchanganya? Imani ya mtaani ni kwamba bia juu ya mvinyo ndiyo inayoua kichwa. Watafiti wa Ujerumani na Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa vijana 90 na kutoa matokeo mwaka 2019: wawe walianza na bia au na mvinyo, hangova ilikuwa ileile. Kilichoitabiri vizuri zaidi ni kiasi mtu alivyojihisi amelewa na kama alitapika. Rangi ya kinywaji ina uzito kiasi, kwani pombe za rangi nzito kama brandi na wiski hubeba kemikali nyingi za ziada kuliko vodka. Lakini wingi wa pombe hushinda yote hayo.

Dawa ya kuiondoa haijapatikana. Mwaka 2005 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio ya tiba mbalimbali za hangova, na hakuna iliyoonekana kufanya kazi kwa uhakika. Kinachobaki ni kuusaidia mwili wakati unajisafisha. Maji kidogokidogo, dafu, au ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Uji, ndizi, chapati, chochote cha kurudisha sukari. Supu ya makongoro inayosifiwa kila kijiwe haiondoi pombe mwilini, lakini ina maji, chumvi na joto, na kwa tumbo linalochafuka si haba. Pilipili iachwe. Kahawa huondoa usingizi tu, na bafu la maji baridi humwacha mlevi akiwa mlevi aliyelowa.

Tahadhari kubwa ni kwenye vidonge. Parasetamoli hupitia kwenye ini lilelile lililochoka, na kwa mnywaji wa mara kwa mara, au anayezidisha dozi, inaweza kuliharibu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hukwangua tumbo ambalo tayari lina vidonda vidogovidogo vya pombe. Kumeza viwili vya hiki na viwili vya kile ili kupona haraka ni hatari kuliko kichwa chenyewe.

Sasa hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mzazi aliyeanza kunywa saa mbili usiku wa Jumapili na kumaliza bia tano amebeba karibu gramu 100, ambazo zinahitaji kati ya saa 10 na 14. Pombe itamwisha kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi ya Jumatatu. Saa moja kasoro anawasha gari au bodaboda, watoto wamebeba mabegi, na anajiona mzima kwa sababu amelala na ameoga. Hata pombe ikiwa imekwisha, hangova yenyewe hupunguza umakini na wepesi wa kushika breki. Kama hesabu haijatimia, watoto wapelekwe na mtu mwingine, au watembee naye kwa miguu.

Mama anayenyonyesha ajue kwamba pombe iliyo kwenye damu ndiyo iliyo kwenye maziwa. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi kutoka. Muda tu ndio huitoa. Na usiku wa kunywa, awe baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Aliyelewa hasikii akimlalia.

Si kila anayekoroma baada ya sherehe ana hangova pia. Asiyeamshika, anayepumua kwa kusuasua, mwenye mwili wa baridi, anayetapika damu au anayepata degedege apelekwe hospitali mara moja, akilazwa ubavu asipaliwe na matapishi. Aliyekunywa gongo au pombe isiyojulikana ilikotengenezwa, kisha siku inayofuata akalalamika kuona ukungu, naye asisubiri. Hiyo inaweza kuwa methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mei 2014 nchini Kenya iliua makumi ya watu ndani ya siku chache.

Kuna kazi moja ya asubuhi ambayo baba mwenye shuka usoni hawezi kuiahirisha, hata kama itabidi aifanye akiwa amefumba jicho moja. Uani bado kuna meza zenye glasi na chupa zilizobaki nusu, na watoto wameamka kabla ya wakubwa. Kwa mtoto mdogo, mafunda machache ya pombe kali yanaweza kushusha sukari ya damu hadi akapoteza fahamu. Mabaki yamwagwe kwanza, chai ifuate.