Kabla Hujanunua Laptopu ya Bei Nafuu

Binti yangu alipopata nafasi chuoni tulivunja kibubu, tukanunua laptopu mpya ya bei nafuu katika duka moja hapa Tabora. Ilikuwa nyembamba, inang'aa. Mwezi wa tano bawaba ya kioo iling'oka, ikapasua na ganda.

Fundi alituonyesha: skrubu za bawaba zilishikizwa kwenye plastiki tu. Basi ukiwa dukani, fungua kifuniko pole pole ukikishika pembeni kwa mkono mmoja. Kikilia au kujipinda, iache. Bonyeza katikati ya kibodi. Isibonyee kama godoro. Chomeka chaja, itikise kidogo, uone kama taa inazimika.

Mtumba uliotoka maofisini, kama ThinkPad au Latitude, mara nyingi una mwili imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo. Lakini betri huwa imechoka, kwa hiyo chomoa chaja uhesabu dakika. Na jamani, tusiifunike kwa kitambaa cha kufuma ikiwa inawaka! Vumbi letu la kiangazi linatutisha, lakini mashine nayo inahitaji hewa.

Binti sasa anasomea mtumba. Ile ya kwanza ninayo mimi, bawaba nimeifunga kwa plasta ya vidonda.